Nilimaliza Namba 61. Sasa?

Mkenya ukimwambia ulienda mashindano, ana maswali mawili tu. La kwanza, "Ulikuwa namba ngapi?" La pili, kabla hujamaliza kujibu la kwanza, "Na walikulipa?"

Nilikuwa namba 61 kati ya watu 84. Hawakunilipa. Mimi ndiye niliwalipa, Sh2,500 za kiingilio, na nauli ya kufika huko na baiskeli imefungwa juu ya matatu ilikuwa kando. Nikisema hivyo watu hunyamaza kidogo, halafu wanabadilisha stori kama vile nimewaambia nimefiwa. Shangazi yangu, ambaye nampenda sana, alinishika mkono akasema, "Usijali mama, mwaka ujao utashinda." Shangazi, mwaka ujao sitashinda. Nikijitahidi kabisa nitakuwa namba 50, na siku hiyo nitafurahi kama mtoto aliyeonyeshwa chapati.

Kwanza wacha nieleze, maana najua nusu yenu mnadhani nimekosea herufi. Duathloni ni mbio, baiskeli, halafu mbio tena. Hakuna kuogelea. Ile ya kuogelea inaitwa triathloni na iliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Duathloni haimo Olimpiki mpaka leo, kwa hivyo hakuna mwanasiasa atakayewahi kukimbilia uwanja wa ndege kupiga picha na sisi. Umbali wa kawaida ni kilomita 10 za kukimbia, 40 za baiskeli na 5 za kukimbia tena. Ile fupi, ambayo ndiyo nilifanya, ni nusu ya hapo: kilomita 5, kisha 20, kisha 2.5. Kuna ya wendawazimu pia, kule Zofingen nchini Uswisi, ambapo mtu anakimbia kilomita 10, anapanda baiskeli kilomita 150 milimani, halafu anashuka na kukimbia 30. Hao tuwaweke tu kwa maombi.

Niliichagua kwa sababu ya hesabu. Kuogelea kunataka bwawa, na bwawa linataka pesa kila ukiingia. Raba nilipata Gikomba kwa Sh1,800. Baiskeli ni ya mitumba, Sh24,000, nilingoja zamu yangu ya chama mpaka ikafika. Helmeti elfu mbili, taa mia sita. Hiyo ndiyo orodha yote.

Sasa turudi kwa shangazi na wenzake.

Hapa Kenya kuna wanamichezo wa aina mbili ambao watu wanawaelewa. Wa kwanza ni bingwa, au mtoto anayetaka kuwa bingwa. Anatoka Bonde la Ufa, anakimbia ili amjengee mamake nyumba ya mawe. Huyo tunampenda, hasa akishinda. Wa pili ni tajiri wa mitaa ya juu mwenye baiskeli ya kaboni ya bei ya Vitz, anayeonekana Jumapili akinywa kahawa na nguo za kubana. Huyo tunamcheka lakini tunamwelewa, pesa ni zake. Mimi ni wa wapi? Nina miaka 24, nakaa Uthiru, nauza chaja na vifuniko vya simu siku sita kwa wiki. Sikimbii ili nitoke kwa umaskini, na sina pesa za kuchezea. Nafanya mchezo kwa sababu naupenda. Na hilo jibu ndilo watu hawawezi kumeza. Mtu lazima akutafutie sababu. "Unapunguza kitambi?" "Umeachwa?" "Kuna msee wa Ulaya anakufadhili?" Jirani yangu mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama ni mambo ya nadhiri kanisani.

Si lazima uwe na nia mbaya ili useme hivyo. Tumelelewa hivyo. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza marathoni kule Vienna kwa saa 1:59:40, nchi nzima ilisimama. Watu walikaa mbele ya skrini kwenye miji, hoteli zilijaa, watu wazima walilia. Sawa kabisa, hata mimi nililia. Lakini asubuhi iliyofuata, ni wangapi kati ya waliolia walitoka nyumbani wakakimbia hata kilomita moja? Na wale wachache waliotoka, walikimbilia wapi? Kando ya barabara, kwenye vumbi, wakirushiwa matope na magari ya wenzao waliokuwa wanalia jana.

Angalia stori ya Chris Froome. Jamaa alizaliwa Nairobi, akajifunza kuendesha baiskeli na David Kinjah huko Kikuyu, si mbali na ninapokaa. Akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwa na bendera ya Uingereza. Kila ikitajwa, Wakenya wanapiga kelele: tulimpotezaje, kwa nini hakubaki wetu, sijui shirikisho lilifanya nini. Sawa. Lakini kwa nini hatuulizi kuhusu wale vijana wengine wote wa Kikuyu waliopanda baiskeli na hawakuwa Froome? Wale waliopanda miaka mitatu, wakaoa, wakaacha? Kwetu hao hawahesabiki. Mchezo ambao hautoi bingwa tunauona kama shamba ambalo halikutoa mahindi.

Na msidhani haya ni mambo ya hisia tu. Yanaonekana kwa saruji na lami. Nitafika hapo.

Wazungu huandika kuhusu mazoezi ya kiangazi: jua linazama saa tatu usiku, mtu anatoka kazini, anapanda baiskeli polepole kando ya mto. Kiangazi changu kilikuwa Juni, Julai na Agosti hapa Nairobi, na nyinyi mnajua Julai ya Nairobi. Mawingu yanakaa chini kama blanketi lililolowa, vidole vinakufa ganzi kwenye breki, na ukitoka jasho linageuka barafu mgongoni ukisimama tu. Dukani nafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku. Jua letu linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Piga hesabu. Mtu wa kazi kama yangu, mazoezi yake yote ya katikati ya wiki ni gizani.

Kwa hivyo kengele ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Jumanne na Alhamisi kukimbia, kilomita sita hadi nane. Jumatano baiskeli saa moja. Ijumaa kulala, na nililala kweli. Jumapili ndiyo siku yenyewe: Uthiru, Kikuyu, Muguga, hadi Limuru, ambapo uko juu zaidi ya mita 2,000 na ukungu umekaa kwenye majani chai, halafu kurudi. Nikifika kwa geti namwachia kiongozi wa ploti baiskeli na kukimbia hapo hapo kilomita mbili au tatu kabla ya kuoga.

Hiyo ya kushuka na kukimbia papo hapo ndiyo roho ya duathloni, na hakuna video ya TikTok inaweza kukueleza. Umekanyaga saa nzima, mapaja yamezoea mzunguko mmoja, mgongo umeinama. Unaposhuka, akili inasema kimbia na miguu inauliza, nani, sisi? Inakuwa kama umeazimwa miguu ya mtu mwingine, tena mtu mzito. Mwezi wa Juni ilinichukua kilomita nzima kabla miguu yangu kunirudia. Kufikia Agosti ilikuwa mita mia tatu hivi. Hakuna mtu alinipigia makofi kwa hiyo tofauti, na ndiyo kitu kikubwa zaidi nilichofanya na mwili wangu mwaka huu.

Mengine ni ya kawaida. Githeri usiku, uji wa wimbi na ndizi kabla ya kutoka. Siku za mwendo mwepesi kipimo changu kilikuwa mdomo: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, napunguza. Mabingwa wetu wenyewe, siku zao za mapumziko, hukimbia polepole mpaka unashangaa. Ni sisi wa mtaani tunaodhani kila asubuhi ni fainali.

Watu huniambia, manze, hiyo kitu lazima iwe ngumu. Miguu si ngumu. Ngumu ni barabara.

Waiyaki Way saa kumi na moja alfajiri. Matatu zinashindana kwenda kujaza, nyingine ina taa moja, nyingine haina hata hiyo moja. Njia ya kando ambayo ilichorwa ya watu wa miguu na baiskeli inaenda vizuri mita mia mbili, halafu inaishia kwenye mlingoti wa stima. Unapita mlingoti, kuna mtaro ambao mfuniko wake wa chuma uliibwa ukauzwa. Unazunguka mtaro, kuna matatu imeegeshwa juu ya njia yenyewe, na nyuma yake boda kumi. Siwalaumu sana watu wa boda, hata wao wametupwa tu hapo kama sisi. Ukirudi kwa lami unapigiwa honi kama mwizi. Barabara ya kupinda kusini, ile Southern Bypass, ina lami nzuri ajabu, lakini uliza mwendesha baiskeli yeyote wa Nairobi: huendi huko peke yako, unaenda na mbogi, kwa sababu ya kuporwa.

Sasa ongeza kwamba mimi ni msichana. "Siste, unakimbilia nani?" "Ngoja nikubebe!" Hayo nilizoea, hata nikaanza kuyatumia kujua nimefika steji gani. Lakini kuna asubuhi moja ya Julai makanga alikuwa ananing'inia mlangoni, gari likija kwa kasi nyuma yangu, akanyoosha mkono akanipiga mgongoni. Kwa mchezo tu. Nilisikia ndani wanacheka. Baiskeli ilitoka lami, ikapita kwenye kokoto, na sijui vipi lakini haikuanguka. Nilikaa kando ya mtaro dakika kumi nikishika magoti. Halafu nikaenda kufungua duka.

Nilipowaambia watu, nadhani mnajua walichoniuliza. "Na wewe ulikuwa unatafuta nini barabarani saa hiyo?"

Kama ningekuwa nafukuza rekodi ya dunia, lingekuwa tukio la kitaifa. Wizara ingetoa taarifa. Lakini mtu anayejifurahisha tu, ana haki gani ya barabara? Hapo ndipo ninaposema ile akili ya "walikulipa ngapi" ndiyo hiyo hiyo inayojenga mji. Kama mchezo ni kazi ya mabingwa, basi wajengewe kambi huko milimani na sisi wengine tukae kwa gari. Nairobi Expressway ilifunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na hakuna baiskeli inayokubaliwa hapo juu. Sawa, ni barabara ya kasi, sitaki kupanda huko. Lakini niambie ni lini umeona kilomita 27 mfululizo za njia ya baiskeli Nairobi bila mlingoti, mtaro au kibanda katikati.

Na si kwamba hatujui. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, na sera hiyo ilisema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watu wa miguu na baiskeli. Asilimia ishirini! Kesho ukitoka nyumbani, ipime asilimia hiyo kwa macho kuanzia mlangoni kwako mpaka steji. Mwaka 2019 serikali ikatangaza siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, magari yasiingie katikati ya mji. Ikaahirishwa kabla hata ya kuanza.

Kigali wameweza. Huko tangu 2016 wana siku ya kufunga barabara kwa magari, siku hizi ni Jumapili mbili kila mwezi, watu wanatoka kukimbia, kutembea, kupanda baiskeli, wazee kwa watoto. Hawangoji mabingwa. Halafu Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakaja Afrika kwa mara ya kwanza kabisa, na yakaenda wapi? Kigali. Bogotá, Kolombia, wanafunga zaidi ya kilomita mia moja za barabara kila Jumapili na sikukuu, na walianza 1974. Mwaka huo mamangu alikuwa hajazaliwa.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Vijana hawana kazi, wewe unatuletea baiskeli." Buda, tulia. Nairobi hii wanaoenda kwa miguu ni wengi kuliko wanaoenda na magari yao. Kuna mzee anayetoka Kayole na Black Mamba kila alfajiri kwenda Industrial Area, na hajawahi kusikia neno duathloni. Njia ninayoitaka mimi ya mazoezi ndiyo hiyo hiyo anayoitaka yeye ili afike kazini akiwa hai. Zaidi ya watu 4,000 wanakufa barabarani nchini hii kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni wa miguu. Hao ndio vijana wasio na kazi unaowatetea, na wenye kazi ya mshahara mdogo. Tofauti yangu na yule mzee ni kwamba mimi nina simu na wafuasi, kwa hivyo napiga kelele.

Na nyinyi wa baiskeli za kaboni, msijifiche, zamu yenu imefika. Asubuhi ya mashindano jamaa mmoja aliitazama baiskeli yangu, akaitazama tena, akamwambia mwenzake, nikisikia, kwamba hiyo ni ya kupeleka maziwa. Wacha niwe mkweli: baiskeli yake ni bora kuliko yangu, na kwenye zile kilomita 20 alinipita kama nimeegesha. Pesa inanunua dakika, sibishani na fizikia. Ninachobishia ni ile tabia ya kufanya mchezo uwe klabu. Saa ya elfu sitini, viatu vya kubana kwenye pedeli, mazungumzo yote ni ya vifaa, na mtoto wa Kawangware akisogea kuuliza anaangaliwa kama amekuja kuiba tairi. Halafu mnalalamika kwenye mtandao kwamba serikali haiwasikilizi. Mko watu mia mbili! Mgekuwa elfu ishirini, na soja wa Kawangware ndani, mngesikilizwa. Mnafukuza watu ambao wangewajengea hoja.

Mashindano yenyewe yalikuwa nje ya mji, Jumapili. Barabara ilifungwa kwa saa tatu. Tulianza tukiwa kundi moja, na kama kawaida nusu ya wanaume waliondoka kama wamesikia kuna unga wa bure. Mimi nilikaa kwa mwendo wangu, kilomita tano kwa dakika 28 na sekunde 40. Kwenye eneo la kubadilisha kuna sheria moja ambayo hawachezi nayo: helmeti iwe kichwani na kamba imefungwa kabla hujagusa baiskeli. Jamaa mmoja mbele yangu aliondoka kamba ikining'inia, refa akamsimamisha hapo hapo. Nikafunga yangu, nikasukuma baiskeli hadi kwenye mstari, nikapanda.

Na hapa nisikilizeni vizuri, maana kwangu mashindano yote yalikuwa hapa. Kilomita ya kwanza nilikuwa bado nageuza kichwa kuangalia nyuma. Ni tabia, shingo imezoea. Ya pili nikaangalia tena, hakuna kitu, barabara tupu, polisi amesimama kwenye makutano amezuia lori kwa mkono. Kufikia kilomita ya nne shingo ikaacha yenyewe. Niliweka kichwa chini nikakanyaga. Miezi mitatu nilikuwa nimefanya mazoezi na nusu ya akili iko mgongoni, na siku hiyo akili yote ilikuwa mbele. Nilisikia cheni. Sikuwahi kuisikia cheni yangu nikiwa na mwendo, kumbe ina kamlio kadogo upande wa kushoto. Nikaanza kucheka peke yangu. Mama mmoja kando ya barabara na kikapu chake cha sukuma akanicheka na yeye, akapunga mkono.

Dakika 52 na sekunde 10. Nilishuka, miguu ikauliza lile swali lake, nikaijibu kwa mita mia tatu, ikakubali. Mbio za mwisho hakuna mtu amenunua miguu. Niliwapita watu sita, watatu kati yao wa kaboni, na ndiyo, nilihesabu. Jumla saa 1:40:20. Namba 61.

Sasa mnisaidie na hii. Nililipa Sh2,500. Nilipata ndizi, chupa ya maji, medali ya bati ambayo mtoto wa dada yangu tayari ameivunja utepe. Thamani ya pesa yangu ilikuwa nini? Ilikuwa ile dakika 52. Nililipa elfu mbili mia tano ili nipande baiskeli chini ya saa moja bila kuogopa kufa. Barabara ile ile, lami ya kodi yetu, siku ya kawaida ni bure lakini inaweza kukuua, na siku moja kwa mwaka wanakuuzia usalama wake kwa tiketi. Simlaumu aliyeandaa, yeye alilipa polisi na ambulensi. Nauliza kwa nini usalama wa barabara uwe bidhaa ya mashindano.

Ninachodai ni kidogo mpaka ni aibu. Jumapili moja kwa mwezi. Barabara moja ya Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Kenyatta Avenue, Ngong Road, hata kipande cha Waiyaki Way, chagueni nyinyi. Bila kiingilio, bila saa ya kupima, bila mgeni wa heshima wa kukata utepe na kutuhutubia kwenye jua. Wa kanisa watafika kanisani, Kigali wanafika. Wa matatu watapitia kwingine kwa saa nne, wanajua kila uchochoro wa mji huu wakikwepa polisi. Na ile asilimia 20 ya 2015, mwakilishi wa wadi yako ana ofisi. Mimi nimeshaenda kwa wangu mara mbili. Mara ya kwanza hakuwepo. Mara ya pili msaidizi wake aliniuliza kama ninatafuta udhamini wa jezi.

Nitaenda mara ya tatu mwezi ujao, Jumatatu, nimeshaomba ruhusa dukani. Wa Uthiru, Kangemi na Kinoo mnaotaka tuende pamoja, niandikieni. Tukiwa kumi hawatatuuliza mambo ya jezi.

Kabla ya hapo, Jumapili hii tunaenda Limuru. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu kukishapambazuka, taratibu, anayechelewa anangojwa. Tuko watano: mimi, fundi wa viatu, wanafunzi wawili na mama wa watoto watatu ambaye anatushinda sote kwenye mlima wa Muguga. Baiskeli ya kuazima ipo moja, kiti kimeshonwa na gia mbili hazishiki, ukiitaka sema mapema. Helmeti ni lazima. Beba na mia moja ya chai na mandazi.